Kama unayumba gizani, sikiliza kwanza sauti zilizokuzunguka

Tukisikia habari za mtu kuyumba au kupepesuka tunawaza macho, tunawaza presha, miguu, sana sana sikio la ndani, ila sauti yenyewe, ile inayopita kutoka upande huu kwenda ule, hakuna anayeitaja. Mimi naishi na shida ya msawazo tangu neva ya sikio la ndani ilipopata uvimbe, na naongea kwa uhakika kabisa kwamba sauti inayotembea inaweza kukuyumbisha na sauti iliyotulia inaweza kukusaidia kusimama.

Iko hivi. Mwili unajua uko wima kwa kukusanya habari sehemu 3: macho, misuli na viungo hasa vya miguuni, na sikio la ndani lenye vimfereji 3 vinavyohisi kichwa kikigeuka na vifuko 2 vinavyohisi kikiinama au kikienda mbele na juu. Kusikia nako kunachangia kidogo. Sauti ikitokea kulia inafika sikio la kulia kwanza, tofauti yenyewe haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde lakini ubongo unaikamata na unajua chanzo kiko wapi. Sasa kama chanzo hakisogei, tuseme feni au redio iliyopo mezani, ukiyumba kidogo sauti nayo inabadilika kidogo masikioni, ubongo unajua ni wewe umesogea na unarekebisha hapohapo. Chanzo kikianza kutembea unabaki na swali, ile sauti ndo inasogea au ni mimi? Macho yakiwa wazi ubishi unaisha chap, ndo maana mtu mzima mwenye afya mchana kweupe hata hagundui kitu. Ukifumba macho au taa zikizimika mambo yanabadilika, na kuna watu wakifungwa kitambaa machoni na kuzungushiwa sauti wanahisi kabisa wanazunguka wao wakati wamekaa tu kwenye kiti (sio wote, wengine hawahisi chochote).

Fizio wangu, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, alinionyesha hili vizuri sana. Alinisimamisha miguu pamoja, mikono ubavuni, macho nimefumba, kile kipimo cha zamani chenye jina la daktari Mjerumani Moritz Romberg wa karne ya 19, afu akawa anaongea na mimi akiwa amesimama mbele yangu. Nilikuwa sawa. Alipoanza kunizunguka taratibu huku bado anaongea, vidole vya miguu vikaanza kung'ang'ania sakafu vyenyewe, kisigino cha kushoto kikawa chepesi, bega nalo likawa linamfuata bila mimi kuliambia. Alipofika nyuma akanyamaza ghafla na hapo ndo niliyumba kuliko mwanzo. Ukitaka kujaribu usiwe peke yako, simama kwenye kona ya ukuta, kiti kiwe mbele yako na mtu awe karibu wa kukudaka.

Toka hapo nina utaratibu wangu. Usiku naacha kitu kimoja kinachotoa sauti ndogo isiyohama, feni inatosha, halafu taa ndogo ya njia ya kwenda chooni iwake, maana sauti haichukui nafasi ya macho hata siku moja. Hedifoni sitembei nazo gizani kabisa, sauti yake inahama na kichwa chako kwa hiyo haikupi pa kujishikiza, na juu ya hapo inakuzibia sauti za chumba ambazo zingekusaidia, na ile miziki iliyotengenezwa izunguke kichwani nasikiliza nikiwa nimekaa. Gari au pikipiki ikinipita kwa nyuma kwenye giza nasimama kwanza, natanua miguu kidogo, ikishapita naendelea.

Kwa wazee naomba tuwe makini zaidi, jamani. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo kama 684,000 kila mwaka vinavyotokana na kuanguka, na walio wengi ni wenye miaka zaidi ya 60. Mzee akiwa anainuka kitandani au anashuka ngazi usimwongeleshe huku unapitapita nyuma yake, njoo mbele, simama, ongea ukiwa umetulia mpaka amalize. Na kama ana mashine ya kusikia avae hata akiwa ndani ya nyumba, watu wanaivua wakidhani ni ya maongezi tu.

Kitu kingine, tofauti na haya yote, ni kama sauti kubwa peke yake, hata isiyotembea, inafanya chumba kizunguke au macho yacheze. Hiyo iliandikwa na Mtaliano Pietro Tullio mwaka 1929, na mara nyingine inatokana na mfupa unaofunika mfereji mmoja wa sikio la ndani kuwa na tundu. Usiitibu kwa mazoezi ya nyumbani, nenda kwa daktari wa masikio na umwambie hivyohivyo, "nikisikia sauti kubwa napata kizunguzungu", ukimwambia kizunguzungu tu anaweza kuanza kutafuta mbali.