Dawa ya kumlaza mtoto ndani ya basi: mfamasia anajibu

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miezi 9 na mwingine ana miaka 4. Mwezi ujao tutasafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya kumwona bibi yao. Huyu mkubwa moyo humchafuka upesi sana garini. Safari iliyopita alianza kutapika kabla hatujafika Morogoro, na hakutulia hadi tulipopita Iringa. Wifi yangu amenishauri ninunue dawa ya maji ya mzio, nimpe kila mmoja kijiko kimoja nusu saa kabla ya kupanda basi, kwa maelezo kwamba watalala safari nzima na hakuna atakayetapika. Je, dawa hiyo ni salama kwa wote wawili? Kama si salama, nifanye nini? (Mama wa wawili, Tabata)

JIBU: Ndugu msomaji, kwa mtoto wa miezi 9 jibu ni hapana, na wala hakuna haja ya kumtafutia dawa nyingine badala ya hiyo. Kwa huyu wa miaka 4 ipo dawa inayoweza kumsaidia, lakini siyo hiyo aliyoitaja wifi yako, na haitolewi kwa nia ya kumlaza. Naomba nieleze kwa nini nimewatenganisha, maana wazazi wengi wanaofika dirishani kwetu huomba chupa moja kwa ajili ya watoto wote.

Kichefuchefu cha safari hutokea pale ubongo unapopokea habari mbili zisizopatana. Ndani kabisa ya sikio kuna vijimfereji vyenye majimaji, navyo huuarifu ubongo kwamba mwili unakwenda, unakata kona au unapanda mlima; macho nayo hupeleka habari zao. Mtoto wa miaka 4 aliyeketi kwenye siti ya basi ni mfupi mno kuona nje vizuri, kwa hiyo anachokitazama saa zote ni mgongo wa siti ya mbele, ambao machoni pake umetulia kabisa, huku sikio likisisitiza kwamba yuko mwendoni na anayumba. Wewe uliyeketi ubavuni pake unaiona barabara na milima, habari zako za macho na za sikio zinapatana, na ndiyo maana unabaki mzima huku yeye akibadilika rangi, akipiga miayo, akitokwa na jasho jembamba na kunyamaza ghafla. Dalili hizo nne huja kabla ya matapishi, na mzazi anayezifahamu hupata dakika chache za kujiandaa.

Hali hii ni nadra kwa watoto walio chini ya miaka 2. Huanza kuonekana baada ya umri huo, huongezeka hadi mtoto anapokaribia miaka 9 au 10, kisha hupungua kadiri anavyokua. Kwa hiyo mtoto wako mdogo hana ugonjwa ambao dawa ile inadaiwa kuuzuia. Akitapika ndani ya basi, chanzo kitafutwe mahali pengine: amenyonya kupita kiasi bila kucheulishwa, amevalishwa nguo tatu na kufunikwa shuka ilhali joto la Chalinze linatosha, au anaumwa kweli.

Sasa nije kwenye chupa yenyewe. Dawa ya mzio ambayo watu wengi huiita Piriton, hata pale inapokuwa imetengenezwa na kiwanda kingine, ni klofeniramini. Kazi yake ni kutuliza mwasho, chafya na makamasi ya mzio, na usingizi unaoleta ni katika yale tunayoyaita maudhi madogo madogo ya dawa. Haikutengenezwa ili kuzuia kutapika safarini. Isitoshe, wapo watoto ambao badala ya kulala huchangamka kupita kiasi, wakapanda siti na kulia kwa saa kadhaa, na hakuna namna ya kujua mapema kama mtoto wako ni mmoja wao. Dawa mpya za mzio zisizoleta usingizi, kama vile setirizini na loratadini, zisikuvutie pia, kwa sababu haziingii kwenye ubongo kwa kiasi cha kutosha kuzuia kichefuchefu cha aina hii.

Dawa ya jamii hiyo ambayo kweli huzuia kichefuchefu cha safari ni promethazini, na hapo ndipo umri unapokuwa jambo zito. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza iwekewe onyo la daraja la juu kabisa kwamba isitumiwe kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, baada ya kupokea taarifa za watoto ambao upumuaji wao ulidhoofika na baadhi yao kufariki. Hebu fikiria jambo hilo likitokea ndani ya basi. Mtoto amelala mapajani, kidevu kimeangukia kifuani, kanga imemfunika uso kwa ajili ya jua, injini inanguruma, na mama mwenyewe amesinzia kwa uchovu wa kuamka saa tisa usiku. Mtoto aliyelala usingizi wake wa kawaida hujigeuza na kulia shingo inapombana. Aliyelazwa na dawa huenda asifanye hivyo, na abiria wote wataendelea kumsifu kwamba ni mtoto mtulivu. Dawa hizi pia hupunguza kutoka jasho, jambo ambalo si la kupuuzwa ndani ya basi ambalo kiyoyozi chake kipo kwenye tiketi tu.

Kuhusu kijiko alichokitaja wifi yako, nina kisa cha dukani. Mama mmoja alinijia na vijiko viwili alivyokuwa akivitumia nyumbani, vyote akiviita vijiko vya chai. Nilivijaza maji mbele yake, nikayavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano: kimoja kilitoa mililita 3, kingine kikapita 7. Kipimo kinachoandikwa kwenye chupa kama kijiko kimoja ni mililita 5, na kwa mtoto mwenye kilo 8 tofauti hiyo haivumiliki. Dawa yoyote ya maji ipimwe kwa kikombe au bomba linalokuja nayo, na kama halimo, uliombe kabla ya kulipa. Soma pia maandishi ya chupa za mafua na kikohozi ulizo nazo nyumbani, kwa kuwa nyingi zimechanganywa klofeniramini pamoja na parasetamoli, na mzazi anayempa mtoto dawa ya mafua asubuhi na dawa ya mzio kabla ya safari huwa amempa dawa ile ile mara mbili bila kujua.

Wapo pia wanaoomba metoklopramaidi, ile wanayoifahamu kwa jina la Plasil, kwa kuwa iliwafaa watu wazima wa nyumbani kwao. Dawa hiyo haizuii kichefuchefu cha safari, na kwa watoto inaweza kukaza misuli ya shingo na uso kiasi kwamba mtoto anapinda kichwa na kukodoa macho, hali ambayo watu wengi huidhania kuwa degedege. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilizuia isitumiwe kabisa kwa watoto walio chini ya mwaka mmoja.

Kwa mtoto wako mkubwa, ningependa ujaribu kwanza mambo yasiyo ya dawa, na la kwanza kati yake huamuliwa siku ya kukata tiketi. Mkatie siti yake mwenyewe, ya dirishani, iliyo katikati ya basi, mbele ya matairi ya nyuma. Siti za nyuma kabisa hurushwa juu kila basi linapopita tuta, na harufu ya mafuta huko ni kali zaidi. Akiwa dirishani, mwonyeshe vitu vya mbali, kama milima ya Uluguru unapoukaribia mji wa Morogoro, au wanyama mkiwa ndani ya hifadhi ya Mikumi, na usimwache atazame miti iliyo kando ya barabara inayopita mbio. Simu iwekwe mkobani. Ninajua kwamba katuni ndiyo silaha ya mwisho ya mzazi aliyechoka, nami nimeitumia kwa wanangu, lakini kwa mtoto mwenye tatizo hili kuinamia kioo kidogo ndani ya gari linalokata kona ndiyo njia ya haraka zaidi ya kumtapisha.

Chakula kina hesabu yake katika barabara hii. Tumbo tupu humchafua moyo sawa na tumbo lililojaa, kwa hiyo mpe kitu chepesi saa moja au mbili kabla ya kuondoka, kama vile uji mwepesi, mkate mkavu, ndizi au kiazi cha kuchemsha. Chipsi mayai, maziwa mengi na soda zisubiri siku nyingine. Mabasi mengi ya Mbeya husimama kwa chakula maeneo ya Ruaha Mbuyuni, na hapo ndipo wazazi wengi huponzwa: mtoto ameshapita kona za Iyovi, ana njaa, anakula sahani ya wali na kuku kwa haraka kwa sababu konda ametoa dakika 15, kisha basi linaanza kupanda Kitonga kwa kona zile zinazojulikana. Katika kituo hicho mpeleke msalani, au achimbe dawa kama ilivyo desturi yetu, mnawishe uso, mpe maji kidogo na kipande cha mkate, na chakula chenyewe akipate baada ya mlima. Kunusa ganda la ndimu au la chungwa, ambako bibi zetu wanakusisitiza, hakuna madhara na huwafariji baadhi ya watoto. Pipi ngumu za tangawizi sizipendekezi kwa umri wake, kwa sababu basi likirushwa zinaweza kumkaba.

Ikiwa mambo hayo umeshayajaribu na bado anatapika safari nzima, njoo naye kwenye duka la dawa lenye mfamasia, au kwa daktari, apimwe uzito, ndipo apewe promethazini ya maji kwa kipimo chake. Taja kama ana pumu au degedege, kama hukoroma sana usiku, na kama ana mafua siku hizo, kwa sababu yoyote kati ya hayo inaweza kunifanya nimnyime dawa. Hutolewa kabla ya kuondoka, si baada ya kuanza kutapika, kwa kuwa wakati huo itarudi pamoja na matapishi. Ningependa pia uijaribu siku moja mkiwa nyumbani, umwangalie inavyomfanya, ili maajabu yake, kama yapo, usiyagundulie Mikumi. Siku ya safari usimwongezee kipimo kwa sababu ameamka. Kuamka ni haki yake, na tunachokizuia ni kutapika.

Andaa pia kopo lenye kifuniko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Juni 2019, ule mfuko mweusi ambao konda alikuwa akiupitisha kwa abiria umetoweka, na mfuko mbadala tunaobebea bidhaa sokoni huvuja mara moja. Kopo tupu la Blue Band lililooshwa, pamoja na kitambaa chenye maji na nguo moja ya kubadili iliyo mkononi badala ya kwenye buti, litakupunguzia aibu na harufu, ambayo yenyewe huwatapisha watoto wengine. Akishatapika, subiri kama dakika 10, kisha mnyweshe maji ya ORS kwa kijiko, kidogo kidogo kila baada ya dakika mbili au tatu. Pakiti iliyoandikwa lita 1 huchanganywa na lita 1 kamili ya maji safi, si na chupa ndogo ya nusu lita iliyonunuliwa dirishani, wala si na soda, na mchanganyiko uliobaki humwagwa baada ya saa 24.

Kwa mdogo, titi ndilo chakula bora cha safari. Mnyonyeshe mara nyingi kwa muda mfupi, mcheulishe akiwa wima, na mkiwa mmeketi mbeleko iwe mbele, uso wake ukiwa wazi machoni pako. Kwa kuwa ameshaanza kula, ndizi mbivu au parachichi unalolimenya na kuliponda papo hapo kwa mikono safi ni salama kuliko uji uliokaa kwenye chupa ya chai tangu alfajiri, kwani uji vuguvugu ni mahali pazuri pa vijidudu kuzaliana.

Hukutaja kama safari ni ya mchana au ya usiku, lakini tangu Serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku mwaka 2023 wazazi wengi huniuliza kama safari ya usiku ni afadhali. Kwa upande wa kichefuchefu, ndiyo: mtoto aliyefumba macho hana habari mbili za kupatanisha, na atalala bila dawa kwa kuwa ndiyo saa yake ya kulala. Usalama wa barabara ni mizani nyingine ambayo utaipima wewe na mumeo.

Mwisho ni mambo ambayo si kichefuchefu cha safari hata kama yameanzia ndani ya basi. Mtoto akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila anachopewa, akipata degedege, au akilegea na kuwa mgumu kuamshwa, mwambie konda, mshuke mji unaofuata, uwe Morogoro, Iringa au Makambako, mwende hospitali. Vivyo hivyo kwa homa, na kwa matapishi ya kijani au yenye damu. Tiketi iliyobaki isikufanye usubiri hadi Mbeya.