Majani ya njano, pH na ndoo ya mbolea: majibu ya maswali yenu

Tangu nianze kuongea na watu kuhusu mboga ninazolima kwenye maji bila udongo (haidroponiki), hapa juu ya paa Kawempe, Kampala, simu yangu haipumziki, na karibu maswali yote yanarudi palepale, pH na mbolea. Nimechukua yale yanayojirudia zaidi. Kwa wale wageni, pH ni kipimo cha uchachu wa maji, kinaanzia 0 mpaka 14, 7 iko katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni alkali. EC ni kipimo cha chumvi za mbolea zilizoyeyuka, yaani chakula kiko kiasi gani ndani ya maji, na namba zangu za EC ni za mS/cm. Tuendelee.

Nina letasi na sukuma kwenye mabomba hapa Kireka. Majani mapya yanatoka ya njano ila mishipa inabaki kijani. Nimeongeza mbolea mara 2 na hali inazidi kuwa mbaya. Shida ni nini?

Dada yangu, acha mbolea kwanza. Hilo swali naletewa karibu kila wiki na karibu kila mtu kafanya kama wewe, kaona njano akadhani mmea una njaa, akamwaga tena kijiko. Mmea wako una njaa kweli lakini chakula kipo, hauwezi kukila tu. Ukiona majani machanga ya juu ni njano na mishipa ni kijani, hapo mara nyingi ni madini ya chuma, maana chuma mmea ukishakiweka kwenye jani la zamani hauwezi kukitoa huko ukipeleke juu, ndo maana shida inaanzia kwa majani mapya. Naitrojeni na magnesiamu ni kinyume, hizo mmea unazihamisha, kwa hiyo zikipungua utaona njano inaanza majani ya chini ya zamani. Angalia kwanza njano imeanzia wapi kabla hujafungua mfuko wowote.

Sasa chuma kinapotelea wapi? pH ikipanda juu chuma kinaganda, kinakuwa kama kutu ambayo mzizi hauwezi kunywa. Mbolea nyingi za maji zina chuma kilichofungwa na kemikali inayoitwa EDTA, na hiyo EDTA inashika vizuri mpaka pH kama 6.5, hapo juu inaanza kuachia. Kuna aina nyingine ya DTPA inafika kama 7.5, na EDDHA inavumilia hata juu ya hapo, lakini bei yake ni nyingine. Kwa hiyo pima pH leo. Nadhani utakuta 7 na kitu. Ishushe pole pole mpaka 5.8 au 6.0 na kwa vile ulishaongeza mbolea mara 2, pima na EC, letasi inataka kama 0.8 mpaka 1.2, sukuma inaweza kula zaidi kidogo, kama umefika 2.5 punguza kwa kuongeza maji matupu. Majani yaliyokwisha kuwa njano yanaweza yasirudi vizuri, usiyahukumu hayo, angalia jani jipya linalotoka baada ya wiki moja.

Na ukumbuke pH haitembei kama rula. Kutoka 6 kwenda 7 asidi imepungua mara 10, kutoka 6 kwenda 8 ni mara 100. Mtu akiniambia "ni 8 tu, si mbali na 6" nasikia uchungu kabisa.

Nitumie maji gani? Nina ya bomba, nina tangi la mvua, na jirani ana kisima cha kuchimba. *(Mukono)*

Ya bomba ya upande wa Kampala, ambayo mengi yanatoka ziwani Victoria, ni mepesi, yana chumvi kidogo sana, na hiyo ni bahati kubwa ambayo watu wengi hapa hawajui kama wanayo. Maji mepesi yanakubali kurekebishwa pH kwa matone machache. Ubaya wake ni kwamba hayana cha kuishikilia pH isitembee, kwa hiyo utapima mara nyingi zaidi. Klorini isikutishe, iache ndoo wazi usiku mzima inatosha.

Mvua ni safi zaidi hata ya hiyo, ila mwaga ile ya mwanzo inayoosha mabati, ina vumbi na mavi ya ndege, na kama mabati ni mapya zinki inaweza kushuka pia. Kama tangi ni la saruji, pima, saruji inapandisha pH.

Kisima ndo cha kuangalia. Maji ya chini ya ardhi mara nyingi yana bikaboneti nyingi, hiyo ndo inayokula asidi yako yote, unaweka matone pH inashuka, kesho asubuhi imerudi palepale. Visima vingine vina chuma kingi mpaka ndoo zinabaki na rangi ya kutu. Pima EC ya maji matupu kabla hujaweka chochote, kama tayari ni 0.8 basi umebaki na nafasi ndogo sana ya kuweka chakula, changanya na mvua nusu kwa nusu.

pH yangu inapanda kila siku hata nikiishusha. Naweza kutumia ndimu au siki? Rafiki kaniambia asidi ya betri ni rahisi zaidi. *(kaka wa Arua)*

Kaka nianze na betri. Hapana. Kama ni maji ya betri iliyotumika yana madini ya risasi ndani, na risasi hiyo itaingia kwenye sukuma na sukuma utawapa watoto. Kama ni mpya ya dukani bado ni asidi ya salfa kali inayotoboa nguo na macho, na haikutengenezwa kwa ajili ya chakula, hujui kilichomo. Naomba sana usifanye, na mwambie huyo rafiki naye aache.

Ndimu na siki hazina sumu lakini zinakupotezea muda. Asidi yake ni chakula cha bakteria, wanaila, na baada ya siku 1 au 2 pH imerudi na sasa una bakteria wengi kwenye tangi wanaogombania hewa na mizizi. Kwa dharura ya usiku mmoja sawa. Kwa kazi ya kila siku tafuta asidi ya fosforiki, inapatikana kwa wauzaji wa kemikali, na fosforasi yake mmea unaila. Ikiwa ni ile kali ya asilimia 85, ipunguze kwanza: sehemu 9 za maji kwenye chupa ngumu ya plastiki, halafu sehemu 1 ya asidi juu yake pole pole. Asidi inaingia kwenye maji, USIMWAGE MAJI KWENYE ASIDI, inachemka na kukurukia usoni. Vaa glavu na miwani, watoto wawe mbali, chupa iandikwe. Kwa jerikani ya lita 20 ya maji mepesi anza na mililita 1 ya hiyo uliyopunguza, koroga, subiri dakika 15, pima, ndo uongeze.

Sasa kwa nini inapanda kila siku. Mara nyingi ni dalili kwamba mimea yako inakula! Mzizi ukivuta naitrojeni ya naitreti unatoa kitu cha alkali ndani ya maji, pH inapanda kidogo kidogo. Ukivuta naitrojeni ya amonia unatoa asidi, inashuka. Kwa hiyo kupanda kutoka 5.7 kwenda 6.3 kwa siku 3 wala mimi siigusi, naiacha itembee, kwa sababu madini mengine yanaingia vizuri ikiwa 5.6 na mengine ikiwa 6.3, mmea unapata yote. Wanaokimbizana na namba asubuhi na jioni wanaichosha mizizi bure. Ila ikipanda kutoka 5.8 mpaka 7.5 kwa siku moja hapo kuna kitu kingine, angalia mambo mawili. Moja, mwani wa kijani, kama tangi lako linapitisha mwanga mwani unakula kabondayoksaidi mchana na pH inaruka, lifunike na plastiki nyeusi. Mbili, kokoto zako. Kama umejaza kokoto za chokaa, kama zile za upande wa Tororo, basi umeweka alkali ndani ya mfumo na utamwaga asidi mpaka uchoke. Chukua kokoto chache, zimwagie siki, zikitoa mapovu zitoe zote. Mawe mepesi ya volkano kama ya Kisoro ni mazuri zaidi.

NPK 17-17-17 na urea ninazo nyumbani, si nizitumie hizo?

Hapana, na naelewa kwa nini unauliza, ile ya haidroponiki ni ghali na hizi ziko kila duka la pembejeo. Lakini kwenye udongo kuna bakteria wanaoibadilisha urea mpaka iwe kitu ambacho mzizi unakila, kwenye ndoo ya maji hao ni wachache sana. Unabaki na amonia nyingi inayounguza mizizi. Halafu 17-17-17 (namba hizo ni asilimia za naitrojeni, fosforasi na potasiamu) haina kalsiamu ya kutosha wala magnesiamu wala madini yale madogo madogo, kwenye udongo hayo yapo tayari, kwenye maji hakuna kitu usichokiweka mwenyewe. CAN (kalsiamu amonia naitreti) nayo imechanganywa na unga wa chokaa, utaona mchanga umebaki chini ya ndoo.

Ninachotumia mimi ni mifuko 3: mbolea ya unga ya 4-18-38 yenye madini madogo ndani, kalsiamu naitreti ile ya 15.5-0-0, na chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti). Kwa lita 20 ni gramu 12, gramu 12 na gramu 6, kwa mpangilio huohuo. Hiyo ni ya nyanya na pilipili. Letasi, dodo (mchicha) na miche midogo nawapa nusu yake. Nunua mzani mdogo wa gramu, kijiko kinadanganya. Hapa Kampala anzia Container Village, uliza maduka kadhaa, na usome namba za kwenye mfuko wenyewe, usiridhike na maneno ya muuzaji.

Nimechanganya mbolea zote kwenye chupa moja iwe kali nipate kupima tu kila siku. Kuna kitu cheupe kimekaa chini.

Hiyo ni plasta, sitanii, ni kalsiamu imekutana na salfa na fosfeti zikagandana. Haitayeyuka tena. Tengeneza chupa 2, kalsiamu naitreti peke yake kwenye A, zile nyingine B, na zikutane tu ndani ya tangi lenye maji mengi, weka moja, koroga, ndo uweke ya pili.

Mita yangu inaonyesha 6.0 kila siku lakini mimea inakufa.

Hii imenipata mimi mwenyewe. Nilipoteza letasi 60 kwa sababu nilikuwa na mita ndogo ya bei rahisi niliyoiamini miezi 4 bila kuirekebisha, namba ilikuwa nzuri kila asubuhi na mimi nikawa nalaumu mbegu, nikalaumu jua, siku niliyoiingiza kwenye maji ya kipimo ya 7.00 ikasoma 5.9. Yaani maji yangu yalikuwa zaidi ya 7 muda wote huo. Nunua vipaketi vya 4.01 na 7.00, irekebishe kila wiki 2. Ncha ya kioo isikauke na usiihifadhi kwenye maji yaliyokenekwa (distilled), yanaiharibu, inataka maji yake ya kuhifadhia yenye kloridi ya potasiamu. Na kama mita ni ya kusoma ppm (sehemu kwa milioni) badala ya EC uliza ni ya 500 au ya 700, maana EC ya 1.0 kwa moja itasoma 500 na kwa nyingine 700, watu wawili wanabishana kumbe maji ni yaleyale.

Umeme ukikatika saa 6 mchana, mizizi inakuwa ya kahawia na inanuka. pH iko sawa. *(mama wa Bombo)*

Mama pole. Hapo pH haina kosa, mizizi imekosa hewa. Maji ya nyuzi 20 yanashika oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, yakifika 30 ni kama 7.5, na sisi tunaoishi juu, Kampala ni kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, tunapata pungufu ya hapo. Pampu ikisimama na jua likiwa kali ile iliyobaki inaisha haraka, na vimelea vya kuozesha mizizi vinapenda hivyo hivyo. Kata mizizi iliyooza, osha tangi, weka maji mapya, lizungushie magunia meupe au ulichimbie chini kidogo kwenye kivuli. Kama umeme kwako ni wa kubahatisha, acha mabomba kwa sasa, fanya ule mtindo wa Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, hauna pampu kabisa: ndoo yenye kifuniko, maji yanagusa mizizi, mmea unavyokunywa maji yanashuka na mizizi ya juu inabaki kwenye hewa. Kosa la watu ni kuijaza tena ndoo mpaka juu, wanaizamisha ile mizizi ya hewa. Acha nafasi. Kwa letasi na nakati (mboga ya majani) inatosha kabisa.

Maji ya zamani yanamwagwa wapi?

Nafurahi kuna mtu kauliza hili maana wengi wanamwaga mtaroni. Mimi nabadilisha kila wiki 2, katikati nikiona EC imepanda najua mimea imekunywa maji kuliko chakula naongeza maji matupu, ikishuka naongeza mbolea. Yale ya mwisho bado yana naitreti na fosfeti nyingi. Ukimwaga mtaroni hapa mjini mengi yatafika mfereji wa Nakivubo, na Nakivubo unaingia ziwani kwenye ghuba ya Murchison, ghuba hiyohiyo ambayo maji ya bomba yanavutwa pale Ggaba, kwa hiyo tunalisha gugumaji na mwani halafu tunalipa kuyasafisha maji hayohayo. Yapeleke kwenye migomba. Changanya na maji matupu kiasi kilekile, mwagia mbali kidogo na shina, zungusha ili sehemu moja isirundike chumvi. Kama huna migomba uliza jirani, wangu ananiletea jerikani mwenyewe kila Jumamosi.