Breki Zinazozama Kwenye Mteremko

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Toyota HiAce ya dizeli ya mwaka 1998 ninayobebea mboga kutoka Lushoto hadi Mombo. Asubuhi breki hushika vizuri, lakini ninapokaribia Mombo pedeli huzama karibu na sakafu na gari huvuta kushoto. Nikipumzika kama nusu saa, hali hurudi. Fundi amekwisha kubadilisha pedi za mbele na masta silinda, na sasa anataka tununue busta. Je, ninunue?
Msomaji, Lushoto.

JIBU: Ndugu msomaji, fedha ya busta ibaki mfukoni kwanza. Busta, yaani chombo kinachoongezea nguvu mguu wako kwenye breki, ikifa, pedeli huwa ngumu kama jiwe, ilhali yako inazama. Ukitaka kujiridhisha, zima injini, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedeli ikaze, kisha uwashe injini mguu ukiwa palepale. Pedeli ikishuka kidogo, busta inafanya kazi. Hata masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, nadhani ilibadilishwa bure, kwa kuwa inayovuja kwa ndani huiachia pedeli izame polepole hata gari likiwa limesimama nyumbani, haingoji mteremko.

Tatizo lako linakuja na joto na kuondoka nalo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka: ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishaingiwa na maji kiwango hicho cha chini ni nyuzi 140 tu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea, kwa hiyo nguvu ya mguu wako huishia kuubana huo mvuke badala ya kufika kwenye magurudumu.

Sasa tutafute joto linatoka wapi, na hapo ndipo kule kuvuta kushoto kunapotusaidia. Ukifika Mombo, egesha mahali tambarare na unyunyize matone ya maji kwenye rimu za mbele, wala usiguse kwa mkono. Maji yakichemka upande wa kushoto pekee, breki ya gurudumu hilo haiachii. Zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, piga jeki, na ujaribu kulizungusha. Likiwa limekaza, fundi afungue kidogo kijibolti cha kutolea upepo, akijihadhari na mafuta ya moto: gurudumu likiachia papo hapo, mpira wa breki, yaani bomba linalopeleka mafuta kwenye gurudumu, umevimba kwa ndani na unazuia mafuta kurudi, likiendelea kukaza, pistoni ya kalipa (kile kibano kinachobana pedi) imeshika kutu au pini zake zimekauka. Pedi mpya haziwezi kuponya lolote kati ya hayo.

Baada ya matengenezo, mafuta yote yamwagwe, yawekwe mapya, na upepo utolewe kwenye magurudumu yote manne. Nunua chupa ambayo haijafunguliwa. Yale yanayopimwa kwenye chupa za maji ya kunywa huenda yamekwisha kunyonya unyevu kabla hujayalipia.

Kabla ya hapo usishuke na mzigo. Na hata breki zikiwa nzima, kona zile ziteremke kwa gia ya pili, usiweke fri ili kubana dizeli.