Chatu anayegonga kila ukifungua kizimba: usimzoeshe kwa nguvu

Mkuu, umeuliza kama umshike huyo chatu wako mchanga kila siku mpaka azoee, maana kila ukifungua kizimba anakunja shingo na kurusha kichwa. Jibu langu ni hapana. Huyo anaogopa, na ukimlazimisha utamthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa.

Nimefuga chatu wadogo wa Afrika Magharibi kwa miaka mingi, na wengi waliokuja kwangu wakiwa wakali walianza kutulia kabla hata sijawagusa, baada ya kurekebisha makazi tu. Anza hapo. Mpe maficho mawili finyu, moja upande wa joto, nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, jingine upande wa ubaridi, 25 hadi 27. Kama kizimba ni cha kioo, ziba pande tatu kwa karatasi ili asijione yuko uwanjani. Mwache mpaka ale vizuri mara kadhaa mfululizo. Akishakula, usimshike kwa saa 48, asije akatapika. Macho yakiwa na ukungu anakaribia kujivua gamba na haoni vizuri, kwa hiyo muda huo pia mwache.

Sasa mikono. Nawa kwanza, kwani ukinuka panya atakudhania chakula. Usimshukie kutoka juu. Mwewe ndivyo anavyokuja. Mimi huingiza kulabu, yaani fimbo yenye ncha iliyopinda ya kushikia nyoka, polepole kwa ubavuni, nikampapasa katikati ya mwili, kisha nasubiri. Shingo inalegea, ulimi unaanza kutoka na kuingia taratibu: hapo ananusa, hajiandai tena kugonga. Ndipo napitisha kiganja chini yake, nambeba mwili mzima, namwacha apite toka mkono huu kwenda huu. Kichwa sikishiki kamwe. Dakika chache zinatosha, na namrudisha akiwa bado ametulia.

Akikugonga na kuachia, osha kwa maji na sabuni. Aking'ang'ania, usivute mkono: meno yake yamepinda kuelekea nyuma, utajichana na kumng'oa meno. Sukuma kichwa mbele kidogo, taratibu, mpaka aachie.

Kama anapumua kwa mlio, mdomo wazi, au unaona vidudu vidogo vyeusi katikati ya magamba, acha mazoezi yote kwanza umpeleke kwa daktari wa wanyama. Nyoka mgonjwa hazoeshwi.