Hutofautiana, imebadilika, au ina hitilafu?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa baiolojia mjini Tukuyu, mkoani Mbeya. Katika makala ya jarida la shule niliandika kwamba protini ya saitokromu c ya binadamu "ina hitilafu moja" ikilinganishwa na ya kima rhesus. Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili amenisahihisha kuwa "imebadilika mara moja". Tuandikeje?

JIBU: Ndugu Mwalimu, "hitilafu" ina maana ya tofauti, lakini siku hizi maana ya kasoro ndiyo inayotangulia masikioni, hasa kwetu tuliozoea kusikia neno hilo kila umeme unapokatika. Msomaji atadhani kwamba protini hiyo ni mbovu, ilhali ya binadamu na ya kima zote hupokeza elektroni ndani ya mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati) bila shida. Liache neno hilo kwa badiliko linaloleta ugonjwa.

"Imebadilika" ni kitenzi kizito zaidi, kwa sababu kiambishi -me- hudai hali ya awali ambayo kitu kimeiacha. Ukilinganisha wanyama wawili tu, hali hiyo huijui. Protini ni mnyororo wa asidi amino, na katika nafasi ya 58 ya mnyororo huu binadamu ana asidi amino iitwayo isoliusini na kima rhesus ana nyingine iitwayo threonini, nani kabadilika? Hapo "hutofautiana" ndicho kitenzi cha haki, kwani -ana huwaweka wote wawili sawa. Ukimwongeza farasi, aliye mbali kiukoo na wote wawili na ambaye saitokromu c yake hutofautiana na yetu kwa asidi amino 12, utakuta naye ana threonini katika nafasi hiyohiyo, huku sokwe akiwa na isoliusini kama sisi. Sasa una sababu ya kuandika kwamba nafasi hiyo imebadilika katika ukoo wa binadamu na sokwe. Mwenzako, basi, hakukosea kitenzi. Alikiwahisha kabla ya ushahidi.

Chunga pia kiunganishi "ya", ambacho wahariri hupenda kukifyeka. "Asidi amino 17" ni idadi, lakini "asidi amino ya 17" ni moja tu, yaani sisteini ambayo, pamoja na ile ya 14, huishika hemu, kipande chenye chuma kinachobeba elektroni. Kwa kuwa protini nzima ina asidi amino 104, "ya" ikidondoka sentensi itasomeka vizuri tu, ila itakuwa imesema jambo jingine.