Kuhamisha usukani wa Tundra ya Marekani ili iingie Kenya

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuleta Toyota Tundra, pikapu ya Marekani yenye usukani wa kushoto, na kuuhamishia kulia. Inawezekana, lakini si kwa mpango wako wa kulishusha gari Mombasa kisha kumtafuta fundi. KS 1515, kiwango cha Kenya cha ukaguzi wa magari, kinataka gari lililotumika liwe na usukani wa kulia tayari na lisizidi miaka 8, kwa hiyo la kushoto litakwama kabla fundi hajaligusa. Ya kushoto yanayoruhusiwa ni machache: magari ya kazi maalumu kama ambulensi na zimamoto.

Kazi yenyewe nimeishuhudia gereji. Watu hudhani ni kuhamisha duara la usukani tu. Dashibodi nzima inatoka, bati linalotenganisha injini na abiria linakatwa na kuchomelewa upya, pedali na basta ya breki (inayoongezea mguu wako nguvu) zinahama, reki ya stelingi (inayogeuza magurudumu) inabadilishwa, waya zinarefushwa, ebegi ya dereva, ule mfuko wa hewa wa ajali, nayo inahamishwa. Hapo kwenye reki na breki ndipo sitaki ubahili, weldingi mbovu hapo ni roho yako. Na taa! Za Marekani humulika zaidi upande wa kulia, kwetu ndiko anakotokea mwenzako, utampofusha kila usiku. Wipa pia zitafuta upande usio wako.

Kama modeli ina toleo la usukani wa kulia toka kiwandani, vipuri vinapatikana na kazi inapungua sana. Ila hapo mimi ningenunua hilo hilo la kulia. Land Cruiser, Hilux, hata Mustang za kuanzia 2015 zipo.