Kuku wameacha kutaga? Washike kwanza, dawa baadaye

Mayai yakipungua, wengi hukimbilia duka la pembejeo kununua poda ya kutagisha. Soma pakiti kabla hujalipa: baadhi ya poda hizo zina oksitetrasaiklini, ambayo ni antibayotiki, na mayai ya siku za dozi hayaliwi mpaka muda wa kusubiri uishe. Mwenye kuku kumi uani hana haja ya kuanzia huko.

Usiku, kuku wakishatulia bandani, mshike mmoja mmoja. Chini ya njia ya kutagia utagusa ncha mbili za mifupa ya nyonga. Kwa anayetaga, vidole viwili au vitatu vinakaa katikati ya ncha hizo, na njia yenyewe ni pana na ina unyevu. Asiyetaga, kidole kimoja kinabana, na njia ni ndogo, kavu, imejikunja.

Ukikuta wengi wanataga lakini kiotani hamna kitu, mayai yanapotelea kwingine. Chungulia vichakani na nyuma ya mapipa. Wafungie ndani hadi saa tano asubuhi kwa wiki moja. Wengi hutaga kabla ya hapo. Kiota kimoja chenye giza kidogo, sentimita 30 kila upande, kinatosha kuku wanne au watano.

Kama kweli hawatagi, tazama manyoya. Anayenyonyoka hupumzika miezi miwili au zaidi, na hakuna cha kumharakisha. Wa kienyeji akishataga kumi hadi kumi na tano hutaka kuatamia. Ukimhitaji arudi kutaga, mweke siku tatu au nne kwenye tenga la waya lililoinuliwa, bila nyasi, maji na chakula vikiwepo.

Kinachoharibu mambo mara nyingi ni chakula. Mfuko wa chakula cha kuku wa mayai unaonekana ghali, basi mtu anauchanganya na pumba ili ufike mwisho wa mwezi. Hesabu yake ni hii: kuku wa mayai hula kama gramu 120 kwa siku, na chakula kizuri kina kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4, yaani gramu nne na ushee. Ganda moja lina kalsiamu gramu 2 hivi, na si yote anayokula inayofyonzwa. Ukiweka theluthi moja ya pumba, ambayo karibu haina kalsiamu, anabaki na gramu 3 hivi. Pengo analiziba kwa kuchota kwenye mifupa yake. Kwanza maganda yanakuwa laini, kisha kuku anachechemea, kisha anaacha kutaga. Protini nayo imeshuka.

Kwa hiyo usikichakachue. Weka chombo cha pembeni chenye chokaa ya mifugo (siyo ya kupaka ukuta!) au makombe ya baharini yaliyopondwa, hasa jioni, kwa kuwa sehemu kubwa ya ganda hujengwa usiku. Maganda ya mayai pia yanafaa: yakaange yakauke, uyaponde yawe chenga, wasije wakajifunza kudonoa mayai mazima.

Maji ni muhimu kuliko hayo yote. Siku moja bila maji inaweza kukukosesha mayai kwa siku kadhaa. Kwenye joto la Dar au Mombasa kuku anayehema hula kidogo na maganda huwa membamba. Mpe chakula alfajiri na jioni, na ubadilishe maji adhuhuri.

Mayai yakikatika ghafla kwa kundi zima, huku wanakoroma au kupiga chafya, ute wa yai ni mwepesi kama maji na maganda yamekunjamana, hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) iitwayo I-2, tone moja jichoni, hurudiwa kila miezi mitatu.

Kuku akisimama wima huku anajikamua na mkia unapanda na kushuka, huenda yai limekwama. Mkalishe kwenye maji ya uvuguvugu dakika 20, paka mafuta ya kula kwenye njia ya kutagia, mwache gizani. Usilibonyeze: likipasukia ndani, vipande humkata na kumletea maambukizi.